Mtoto wa Miaka Sita Mwenye Ndevu

Kama gazeti la wiki jana lilishafungiwa karanga kabla hujalisoma, usihangaike kulitafuta, aibu yangu bado ninayo na nitakupa kwa ufupi. Mimi ni fundi simu. Nampenda Nesi. Nesi ananipenda, angalau siku ambazo hatoki zamu. Tatizo ni baba yake, askari magereza mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bwana Jela, na mwenyewe huitikia. Wiki jana nilikwenda kujitambulisha kwake kwa mara ya kwanza. Nilivaa vizuri, nikaamkia vizuri, nikakaribishwa kiti vizuri, nikakalia miwani yake.

Sasa endelea nami kuanzia pale uliposikika ule mlio.

"Umekaa vizuri?" aliniuliza.

"Nimekaa, Mzee."

"Basi inuka uone ulichokalia."

Niliinuka. Miwani ilikuwa chali kama mende aliyepuliziwa dawa, mguu mmoja kitini, mwingine umening'inia kwenye suruali yangu. Nesi aligeukia ukutani. Uso wake sikuuona, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Bwana Jela hakufoka. Mtu aliyezoea kufunga wenzake hana haja ya kufoka. Aliokota fremu, akaipapasa, akaiweka mezani.

"Kijana, kazi yako ni kuharibu tu, au na kutengeneza unajua?"

"Najua, Mzee. Simu, redio, tableti…"

"Kishikwambi," alinisahihisha.

"Kishikwambi, Mzee."

"Kasuku! Lete kishikwambi!"

Kasuku ni mjukuu wake wa kike wa miaka sita, mtoto wa kaka yake Nesi. Wazazi wake wanafanya kazi mbali, kwa hiyo analelewa na babu na shangazi. Jina la Kasuku alipewa kwa sababu kila kinachosemwa kwenye video hukimeza na kukitoa kama kilivyo, hata koma haipotei. Aliingia ameikumbatia tableti, akasimama mbele yangu, akanipungia mikono miwili.

"Hamjambo wapenzi watazamaji! Leo tuko na Anko Fundi, amekalia miwani ya Babu! Kama umependa, gusa kengele!"

"Unamsikia?" Bwana Jela akasema. "Juzi walinitembelea wastaafu wenzangu. Mkuu wangu wa zamani, mtu mzito, kichwani hana unywele hata wa dawa. Mtoto huyu akamgusa utosi, akamwambia, 'Kwa mafuta haya utang'aa ndani ya wiki moja, wahi ofa!' Mbele za watu."

"Alinunua?" nikauliza.

Mdomo wangu huu siku moja nitauzika peke yake. Nesi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa.

Bwana Jela aliniangalia kwa muda, au aliangalia mahali alipodhani nipo, maana bila miwani yeye na ukungu ni ndugu. Kisha akatoa hukumu.

"Kifungie kishikwambi hiki. Aone katuni na masomo, basi. Akitaka kingine chochote, aniombe mimi. Ukiweza, Jumapili mlete mjomba wako tuzungumze. Ukishindwa, usimsumbue mjomba wako."

Moyo wangu ulipiga kama simu iliyowekwa mtetemo. Mjomba wangu kukaribishwa kwa Bwana Jela! Wanaume wawili kabla yangu waliishia getini. Na mtihani wenyewe ndio huu? Kumwambia fundi simu afungie video za mtoto ni kumwambia samaki avuke mto.

Hapa lazima nikueleze desturi moja ya kibandani kwangu, maana ndiyo iliyonichimbia kaburi. Nikimaliza kutengeneza simu ya mteja, huwa naingiza akaunti yangu mwenyewe, nafungua video, nasikiliza sauti, naangalia picha. Nikiridhika, naitoa akaunti yangu na kumrudishia mwenyewe simu yake. Huo ndio ufundi safi. Sikabidhi kitu nisichokijaribu.

Na akaunti huwa naitoa. Mara nyingi.

Basi tableti ya Kasuku ilikuwa na akaunti ya zamani ya Nesi, na neno la siri Nesi alilisahau tangu yuko chuoni. Nikafanya nilivyozoea. Niliingiza yangu, nijaribie kwanza, halafu nimfungulie mtoto ya kwake. Bwana Jela alivuta kiti, akakaa bega kwa bega nami kama anayelinda mshitakiwa asiruke dirisha. Kwa kuwa haoni, ikabidi nimsomee kila kinachotokea.

"Inauliza umri wa mtoto, Mzee."

"Sita."

"Mzazi msimamizi?"

"Mimi. Weka namba yangu." Nikaiweka, na namba ya siri ya msimamizi ikatumwa kwenye simu yake.

"Jina la mtoto?"

"Andika Mtoto, inatosha. Jina lake la nini huko kwa watu tusiowajua?"

Busara tupu. Nikaandika Mtoto.

"Inauliza muda wa kulala. Yaani ijifunge yenyewe saa ngapi."

"Saa kumi na mbili jioni, kuanzia kesho. Jua likizama, kila mtu ndani."

"Na kufunguliwa?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuhesabiwa."

Sehemu ya kuhesabiwa haikuwemo. Nikamwambia imo.

"Kuna na kitufe cha kuomba ruhusa, Mzee. Akikataliwa video, anaweza kukuomba, inakuja kwenye simu yako. Nikiondoe?"

Alifikiri. Niliona kazi ya miaka mingi ikipita usoni mwake.

"Kiache. Mfungwa ana haki ya rufaa. Hata mlango ukishafungwa, akitaka kukata rufaa, akate. Mimi nitakataa."

Wakati huohuo Nesi akaingia na juisi. Sitaeleza alivyovaa, hili ni gazeti la familia. Ninachoweza kusema ni kwamba macho yangu yalikwenda na trei, na kidole kikabaki peke yake kazini. Kidole bila macho ni mlevi. Kilibonyeza Endelea. Kikabonyeza Endelea tena. Kikabonyeza Nakubali.

Kwenye kioo akatokea dubu mmoja mnene, amevaa nguo za kulala, akapiga makofi. "Hongera! Mtoto sasa yuko salama!"

"Nani huyo?" Bwana Jela akauliza.

"Ni dubu, Mzee. Anasema kazi imekwisha."

"Jaribu. Tafuta ndondi."

Nikatafuta ndondi. Dubu akatikisa kidole: "Pole, rafiki mdogo! Hii ni ya wakubwa."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bwana Jela alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, limebana kama kufuli jipya, lakini lilikuwa lake na lilikuwa langu. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyekwisha kuoa na kupata mapacha.

Kuna kitu nilisahau. Ungeniuliza njiani ningekuapia hakuna.

Asubuhi nilifungua kibanda napiga mluzi. Mteja wa kwanza alikuwa mwosha magari wa pale njia panda, pande la mtu, mabega kama kabati. Alinitupia simu mezani.

"Fundi, hii simu uliyonitengenezea ina pepo."

"Pepo gani?"

"Dubu. Amevaa nguo za kulala. Nikifungua mpira ananiita rafiki mdogo, anasema nimuombe mzazi. Wazazi wangu wote marehemu, nitawaombaje?"

"Hilo ni sasisho," nikamwambia.

Kwa fundi simu, neno sasisho ni kama neno mafua kwa daktari. Lolote usilolijua, litie humo.

"Litaondoka?"

"Lenyewe. Likikusumbua, bonyeza Omba Ruhusa."

"Nimuombe nani?"

"Wewe bonyeza tu, kaka. Teknolojia haiulizwi maswali mengi."

Akaondoka ananung'unika. Nami nikasahau. Alasiri, wateja walipopungua, nikageukia kazi muhimu zaidi: kujiandaa kwa Jumapili. Nikatoa simu yangu, nikatafuta video yenye kichwa "Makosa Wanayofanya Wanaume Siku ya Kwanza Ukweni." La miwani nilishalifanya, nilitaka kuyajua yaliyobaki.

Dubu huyoo!

"Pole, rafiki mdogo! Hii ni ya wakubwa. Muombe mzazi."

Unajua nilichosema? Nilisema, "Kumbe sasisho ni la kweli." Uongo mtamu ni ule unaokwenda kwa mteja, unazunguka, unarudi kwako na wewe unaununua.

Nikabonyeza Omba Ruhusa. Haukupita muda: *Mzazi amekataa.*

Nikajaribu "Namna ya Kumlainisha Baba Mkwe Mkali." *Mzazi amekataa.*

"Dalili Kwamba Msichana Anakupenda Kweli." *Mzazi amekataa.*

"Mbinu za Kuonekana Mrefu Bila Viatu Vyenye Kisigino." *Mzazi amekataa.* Hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mwanangu," aliniita Mama Vocha. Huyu ni jirani yangu, anauza vocha na chaja kwenye mwavuli ulioegemea kibanda changu, na masikio yake hayajawahi kufunga duka. "Hiyo simu inakunyima nini hata unaitukana hivyo?"

"Inaniambia nimuombe mzazi ruhusa."

"Basi muombe. Mama yako ulimpigia lini mara ya mwisho?"

Nikamshukuru Mungu simu ilipoita. Alikuwa Nesi, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko wodini.

"Uko wapi?"

"Kazini. Nimekumiss."

"Acha hayo. Huku nyumbani moto unawaka. Kasuku ameharibika."

"Ameharibika vipi? Jana alikuwa mzima."

"Tangu asubuhi anamtumia Baba maombi ya ajabu. Kwanza mpira. Baba akasema sawa, ni utoto. Halafu akaomba makosa ya wanaume ukweni. Halafu dalili za msichana anayekupenda. Halafu akaomba namna ya kumlainisha baba mkwe! Mtoto wa miaka sita, baba mkwe wa nini?"

Nilikaa kwenye kiti. Kiti hakikuwepo. Nikakaa chini.

"Upo?" Nesi akauliza.

"Nipo chini. Endelea."

"Baba amemnyang'anya tableti, ameizima, ameifungia kabatini. Kasuku analia, anasema hajaomba chochote. Baba anasema ndiyo kawaida, hajawahi kuona mfungwa aliyekiri siku ya kwanza. Jumatatu anampeleka bweni. Shule ile ya mlimani, ambako wanaamshwa na filimbi. Miaka sita, jamani! Njoo uongee naye, wewe ndiye uliyeweka hiyo mitambo, labda atakusikiliza."

Simu ilipokatika nilimwangalia dubu. Dubu akaniangalia. Kisha akili yangu, ambayo ilikwenda na trei ya juisi tangu jana, ikarudi nyumbani.

Akaunti. Sikuitoa. Niliyemfungia si Kasuku. Nilijifungia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na ufunguo nikamkabidhi Bwana Jela.

Nikaingia kwenye mipangilio mbio kama mtu anayewahi choo. Nikabonyeza Jitoe. Dubu akanipungia: "Mtoto hawezi kujitoa mwenyewe. Mzazi aweke namba ya siri."

"Mama Vocha," nikasema, "nimekuwa mtoto."

"Hilo mtaa mzima tunalijua, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki."

Nilifunga kibanda. Njiani nilipanga mpango mzuri sana. Nitamwambia Mzee mitambo inahitaji kukaguliwa, aniwekee namba ya siri, nijitoe kimyakimya, niseme lilikuwa sasisho, Kasuku asamehewe, na siri yangu ife na mimi nikiwa mzee wa miaka tisini nimezungukwa na wajukuu.

Bwana Jela alinifungulia mlango mwenyewe. Miwani ilikuwa usoni, miguu yote miwili imefungwa plasta za hospitali, kazi ya Nesi. Nilianza kuinama kuamkia, akanishika mkono kabla sijamaliza.

"Karibu, mwanangu."

Mwanangu! Jana nilikuwa kijana. Nesi, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, alifungua mdomo akasahau kuufunga.

"Kaa," Mzee akasema, na akanipangusia kiti. "Nimefanya kazi na watu waliosomea ulinzi, wana vyeti mpaka ukutani. Hakuna aliyenifungia kitu kikafungika kama wewe. Siku moja tu, yote yaliyojificha yametoka nje. Bila wewe, huyu mtoto angeota pembe humuhumu ndani, mimi nasema ni nywele."

"Mzee, nilikuja kukagua…"

"Hakuna cha kukagua. Mitambo inafanya kazi. Jumapili mjomba wako aje mchana, tule pamoja. Mambo mengine tutayamaliza hapohapo."

Tutayamaliza hapohapo! Nimemaliza kidato cha nne, nimesoma mashairi na fasihi, sijawahi kukutana na sentensi nzuri kama hiyo. Mpango wangu ukayeyuka. Akili ikaanza kunishauri kwa sauti ya rafiki mbaya: *Nyamaza. Bweni si kaburi. Watoto wengi wamesoma bweni, wengine wamekuwa mawaziri. Oa kwanza, ukweli utausema kwenye fungate.*

Ndipo nikamwona Kasuku.

Alikuwa kwenye kigoda pembeni ya kabati, magoti yamekutana, mikono mapajani. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa babu yake. Mtoto alikuwa kimya. Kasuku, kimya! Niliposogea, akainua macho yaliyovimba.

"Anko Fundi," akaninong'oneza, "wewe si ndiye unayejua tableti? Waambie sijaomba. Mimi hata sijui baba mkwe ni mnyama gani."

Kisha akageukia ukuta, akauambia taratibu, "Wapenzi watazamaji, leo hatuna kipindi."

Wewe msomaji una moyo wa namna gani sijui. Wangu ni wa kawaida, na ulipasuka kama kioo cha simu ya bei rahisi.

"Mzee," nikasema. "Huyo Mtoto anayekutumia maombi si Kasuku."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Nesi alishika fremu ya mlango.

"Nilisahau akaunti yangu ndani. Aliyefungiwa ni mimi. Ukweni ni mimi, baba mkwe ni mimi, dalili za msichana ni mimi. Mtoto hana kosa, Mzee. Asiende bweni."

Bwana Jela alivua miwani yake ya plasta, akaifuta polepole kwa ncha ya shati. Akaivaa. Akanitazama sana. Nikasema moyoni, mjomba wangu Jumapili atakula kwake.

Kisha akaweka mkono begani kwangu.

"Unajua," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kuliko video yoyote ingeweza kuilainisha, "katika kazi yangu yote, nimeona mara moja tu mtu akibeba kosa la mwenzake. Mara moja. Leo ni ya pili."

"Mzee, siyo hivyo…"

"Nyamaza. Una huruma na mtoto, nimekuelewa. Uko tayari kujidhalilisha mbele ya msichana unayemtaka, useme wewe mzima mwenye ndevu unaomba mbinu za kuonekana mrefu, ili mtoto wa watu asiadhibiwe. Nesi, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia, Baba," akasema Nesi, na macho yake yalikuwa yanametameta. Hajawahi kuniangalia hivyo. Hata siku nilipomtengenezea simu bure.

Sasa niambie. Ungefanya nini? Nimesema ukweli wote, sikuacha hata koma, nikakataliwa kwa heshima na taadhima. Dhamiri yangu ilikuwa safi na jina langu lilikuwa linapanda. Nilifungua mdomo niseme tena kwamba ni kweli. Naapa niliufungua. Lakini kilichotoka hakikuwa ukweli.

"Mtoto ni malaika, Mzee," nikasema, na nikainamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye kalenda.

Nje, jua lilikuwa limegusa mapaa. Mzee alitazama saa ya ukutani kwa mazoea ya kazi. Saa kumi na mbili.

Mfukoni mwangu ukaanza wimbo.

Ulianza na kengele ndogondogo, kisha sauti nene ya dubu ikaimba kwa upole mkubwa: "Laala, mtoto, laala… Jua limekwenda kulala… Laala, mtoto, laala…"

Nikabana mfuko. Dubu akaimba kwa kupitia suruali.

Bwana Jela aliangalia kabati. Kufuli lilikuwa palepale. Akashika ufunguo shingoni, upo. Akageuza kichwa taratibu, akaniangalia mfuko.

"Fundi." Mwanangu ilikuwa imekwisha. "Nani analala humo?"

Nikaitoa simu, nikaiweka mezani. Kwenye kioo dubu alikuwa amejifunika blanketi, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: *USIKU MWEMA, MTOTO.*

Kasuku ndiye wa kwanza kucheka. Akafuatia Nesi, na safari hii hakuugeukia ukuta, alijishikilia tumbo. Bwana Jela hakucheka. Alichukua simu yake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma mashitaka.

"'Makosa Wanayofanya Wanaume Siku ya Kwanza Ukweni.' Wewe?"

"Mimi, Mzee."

"'Dalili Kwamba Msichana Anakupenda Kweli.'"

"Mimi."

"Ulikuwa na wasiwasi?" Nesi akauliza.

"Kidogo."

"'Namna ya Kumlainisha Baba Mkwe Mkali.'" Hapo alisita. "Mkali ni nani?"

"Ni kichwa cha video tu, Mzee."

Aliweka simu mezani. Akavua ufunguo shingoni, akamwendea mjukuu wake pale kwenye kigoda, na mtu huyu ambaye watu wazima walimpisha njia akapiga goti moja sakafuni.

"Kasuku. Babu alikufunga bila kosa. Babu amekosea."

Mtoto alifikiri. "Na bweni?"

"Hakuna bweni."

Alipokea ufunguo, akaukumbatia kama alivyokuwa akiikumbatia tableti. Na mimi, pamoja na aibu yote, nikajisikia mwepesi. Nikasema sasa ngoja nipokee changu.

"Naomba unitoe, Mzee. Ni namba ya siri tu, unaweka mara moja."

"Sikutoi."

"Mzee?"

"Mtu anakuja kumtaka binti yangu. Anakokwenda sikujui, anaongea na nani sijui. Lakini anachotazama nitakijua." Akaketi, akakunja nne. "Ulikiri, hilo nimeliona. Ulipoona nakusifu ukanyamaza, na hilo nimeliona. Utakaa humo mpaka Jumapili. Saa kumi na mbili unalala. Rufaa zako zikiwa za mtu mwenye nia njema, mjomba wako akute mlango wazi. Zikiwa vingine…"

Nikamwangalia Nesi. Nesi akanikonyeza, kama anayesema vumilia, Jumapili si mbali. Nikakubali. Siku chache za katuni, kwani nini? Nitajifunza hata herufi upya. Simu yangu ilikuwa pale mezani mbele ya kila mtu, dubu anakoroma. Ningekosea wapi tena?

Simu ya Bwana Jela ikalia: ting!

Akaiokota. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nikaona plasta za miwani zikipanda na nyusi.

"'Mtoto anaomba ruhusa,'" akasoma.

Wote tukaangalia simu yangu. Hakuna aliyeigusa. Dubu alikuwa usingizini.

"'Mtoto anaomba ruhusa ya kutazama,'" akarudia, polepole, neno kwa neno, "'Namna ya Kumwacha Mchumba Kabla ya Harusi Bila Kelele.'"

Konyezo la Nesi likafia njiani.

"Si mimi!" nikasema.

"Mtoto ni nani?" Bwana Jela akauliza.

"Mtoto ni mimi, lakini…"

"Ulipokuwa hujaulizwa ni wewe. Sasa umeulizwa, si wewe."

Ndipo nilipomkumbuka mwosha magari na pepo lake. Nikamkumbuka na fundi cherehani niliyembadilishia betri, na yule mwalimu wa kioo kilichopasuka, na wengine wote ambao nilizijaribu simu zao kwa akaunti yangu. Huwa naitoa. Mara nyingi. Mle mtaani, wakati ule, watu wazima wangapi walikuwa wanabembelezwa na dubu na kumwomba ruhusa Bwana Jela, kila mmoja kwa jina langu?

Na mmoja wao anataka kumwacha mchumba. Na mchumba wake pengine namfahamu.

"Fundi," Nesi akasema. Alikuwa ameketi, sasa amesimama. "Kumwacha nani?"

Ting! Simu ya Mzee ililia tena. Ting! Na tena. Safari hii Bwana Jela alisoma kimya, midomo ikimcheza, na alipomaliza alimwangalia binti yake kwanza, halafu mimi.

"Kasuku," akasema bila kugeuka, "kafunge mlango."

Kasuku alikimbia, akazungusha kitasa mpaka kikalia. Kisha akageuka, akanyoosha gauni lake, akapanguza machozi yaliyokuwa yamebaki shavuni, na sauti yake yote ikarudi mahali pake.

"Wapenzi watazamaji," akasema, "msisogee popote!"